Thamani ya Kitabuni ya Miaka 13

Mapema mwaka huu, tulipokuwa tukifunga hesabu za mwezi, mfanyakazi mpya wa idara yetu, binti aliyetoka chuoni si muda mrefu, alinisogelea akaniuliza kwa adabu: "Samahani dada, mtu huanza kuipenda kazi hii baada ya muda gani?" Hakuwa akitania wala kulalamika. Aliuliza kama mgonjwa anavyouliza dawa itaanza lini kumsaidia, akiamini kwamba mimi niliyemtangulia ninalo jibu. Nilitaka kumwambia avute subira, kisha nikakumbuka kwamba nami niliambiwa hivyo hivyo miaka 13 iliyopita, na kwamba tangu siku ile bado ninasubiri. Nikamwomba tuzungumze siku nyingine, nikarudi kwenye meza yangu, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu haina ubaya ambao ningeweza kuueleza kwa mtu akanihurumia. Mshahara haukawii, wakubwa wangu hawanidhulumu, wenzangu ni watu wema. Ndiyo maana kwa miaka mingi sikumwambia mtu yeyote jinsi ninavyojisikia, kwa sababu kila nilipodokeza jambo hili jibu lilikuwa moja: shukuru Mungu una kazi. Nami nashukuru kwa dhati. Nimewaona ndugu zangu wakikaa muda mrefu bila ajira, na ninajua namna ukosefu wa kazi unavyomla mtu kutoka ndani. Hata hivyo, nimefika mahali pa kuamini kwamba shukrani na ukweli vinaweza kukaa ndani ya moyo mmoja, na kwamba mtu anaweza kushukuru kwa riziki anayoipata huku akikiri kwamba njia anayoipatia imemkausha.

Kukwama kwenyewe ni vigumu kukueleza kwa sababu hakuumi. Nilipoanza kazi, jambo lililonifurahisha kuliko yote lilikuwa kutafuta kosa pale urari, yaani orodha ya jumla za pande mbili za hesabu, unapokataa kulingana. Wahasibu wana hila moja ya zamani: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mahali fulani mtu amebadilisha nafasi za tarakimu mbili, akaandika 54 badala ya 45, au 810 badala ya 180. Siku niliyofundishwa hila hiyo niliona kana kwamba nimepewa ufunguo wa nyumba yenye vyumba vingi. Leo hii ninagawanya kwa 9, ninalipata kosa, ninalisahihisha, urari unalingana, na ndani yangu hakuna kinachotikisika. Sioni raha wala karaha. Nilikaa katika hali hiyo muda mrefu mno kabla ya kuielewa, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba mtu aliye mahali pasipomfaa lazima atakuwa analia.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa uchovu. Uchovu wa kazi si jambo la kubuni: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, liliueleza kuwa hali itokanayo na msongo wa kazi usiodhibitiwa, likasisitiza kwamba ni tukio la mahali pa kazi na si ugonjwa wenyewe. Dalili zilizotajwa ni tatu, na zinafanana na zile ambazo mwanasaikolojia Christina Maslach alikuwa amezichunguza tangu miaka ya 1970 na 1980: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa fikra au kuichukia, na kuona kwamba utendaji wako umeshuka. Nilijipima kwa dalili hizo nikakuta kwamba ya kwanza na ya tatu hazinihusu. Kazi naifanya vizuri na nguvu ninazo. Hata hivyo sikutaka kujiamini haraka, kwa hiyo nilichukua likizo ya siku 21, nikazima simu ya ofisi, nikalala, nikatembea, nikacheza na watoto. Nilirudi nikiwa mzima kabisa, lakini siku ya tatu tu baada ya kurudi, hali ilikuwa ile ile.

Ninawasihi walio katika njia panda kama yangu wasiruke hatua hii. Aliyechoka hupumzika akarudi na hamu ya kazi, na akiacha kazi kwa sababu ya uchovu pekee, anaweza kuupeleka uchovu huo huo kwa mwajiri mwingine. Kwangu mapumziko yaliniondolea kisingizio, nikabaki na swali lenyewe.

Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo bado linanishangaza. Katika taaluma yangu kuna somo ambalo kila mhasibu hufundishwa mapema, na mimi mwenyewe nimewafundisha wengi. Kampuni ina mashine ya zamani. Ilinunuliwa kwa fedha nyingi, ikakatwa uchakavu, yaani thamani yake ikapunguzwa vitabuni, mwaka hadi mwaka, na sasa vitabu vinaonyesha kwamba bado ina thamani fulani. Swali ni hili: je, kampuni iendelee na mashine hiyo au inunue nyingine? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu kila mara hulalamika kwamba haiwezekani kuitupa mashine ambayo thamani yake haijaisha vitabuni. Ndipo mwalimu humweleza kwamba thamani ya kitabuni haina nafasi katika uamuzi huo, ukiacha athari yake katika kodi. Fedha iliyokwisha kutoka imetoka, na hairudi ukiibakiza mashine wala ukiiuza. Kinachohesabiwa ni kile kitakachotoka na kitakachoingia kuanzia leo.

Kwa miaka kadhaa nilisimama mbele ya wengine nikilifafanua somo hilo, halafu nikarudi nyumbani na kujiambia kwamba siwezi kuondoka kwa sababu nimeshatumia miaka 13. Nilikuwa nikihesabu mitihani ya bodi niliyoifanya usiku baada ya kazi, ada aliyonilipia baba, cheo nilichokingoja miaka sita. Yote hayo ni thamani ya kitabuni. Najua kwamba siko peke yangu katika kosa hilo. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha utafiti ambao ndani yake wanunuzi wa tiketi za msimu wa maonyesho ya tamthilia waligawanywa bila wao kujua: wengine walilipa bei kamili, wengine wakapunguziwa. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi kuliko waliopunguziwa. Tamthilia zilikuwa zile zile na viti vilikuwa vile vile. Kilichowasukuma ni fedha iliyokwisha kuwatoka mfukoni. Nilipousoma nilijiuliza ni maonyesho mangapi ya maisha yangu nimeyahudhuria kwa sababu tu tiketi ilikuwa ghali.

Lakini lazima niwe mwadilifu hapa, kwa sababu hesabu hiyo ina upande wa pili ambao washauri wengi huupita. Gharama ya zamani haihesabiwi, lakini uwezo uliotokana nayo unahesabiwa, maana uwezo huo utafanya kazi kesho. Miaka 13 imenipa jicho la kuona kosa katika ukurasa wa namba, uvumilivu wa kufuatilia jambo hadi mwisho wake, na ustadi wa kumweleza mtu asiye mhasibu kwa nini faida iliyo vitabuni si sawa na fedha iliyo benki. Vitu hivyo ninaweza kuondoka navyo. Nitakachokiacha ni kiti na jina la cheo.

Mama yangu, nilipomwambia ninachokiwaza, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni na kwa siku kadhaa ilinikalia moyoni kama hukumu. Baadaye nilianza kuisikiliza neno kwa neno. Inamwonya mtu anayeuacha mkeka wake mkuukuu kwa sababu ya msala ambao si wake, ambao unapita tu na mwenyewe atauchukua. Haimkatazi mtu kusuka mkeka mwingine huku bado amekaa juu ya ule wa zamani. Nilirudi kwa mama nikamweleza hivyo, na yeye, ambaye alinilea kwa mikono iliyofanya kazi bila kuuliza kama inaipenda, akanijibu: "Basi suka kwanza, tuuone." Sijapata ushauri bora kuliko huo kutoka kwa mtu yeyote.

Kabla ya kusuka ilinibidi nijue ninasuka nini, na hapa lugha yetu yenyewe ilinipa taabu kidogo. Neno "kazi" tunalitumia kwa kila kitu: kazi ni ajira inayotupatia mkate, kazi ni ngazi ya vyeo tunayoipanda, na kazi ni jambo ambalo mtu anahisi aliumbwa alifanye. Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi 196 ambao waliulizwa wanaionaje kazi yao: kama ajira tu, kama njia ya kupanda, au kama wito. Watu waligawanyika karibu theluthi kwa theluthi. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hata miongoni mwa wasaidizi wa ofisi wenye majukumu yanayofanana, mgawanyiko ulikuwa karibu huo huo. Maana yake ni kwamba wito haukai ndani ya jina la kazi, na mtu anayefikiri kwamba akibadili jina la kazi atakuwa amepata wito anaweza kushangaa sana. Naongeza kwamba sikubaliani na wanaomwambia kila mtu aufuate wito wake. Wako watu wengi wenye heshima zao ambao kwao kazi ni ajira tu, na uhai wao uko kwenye familia, ibada, bustani au kwaya, na hawana walichokikosa. Mimi nilijichunguza nikaona kwamba si mmoja wao, lakini nilihitaji kujichunguza kwanza.

Nilinunua daftari. Kwa wiki sita, kila jioni kabla ya kuondoka ofisini, niliandika nilichokifanya siku hiyo na saa kilizochukua, nikaweka alama mbele ya saa zilizopita bila mimi kutazama ukutani. Richard Hackman na Greg Oldham, katika miaka ya 1970, walitaja mambo matano yanayoipa kazi maana: kutumia stadi mbalimbali, kuifanya kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho wake, kuona kwamba ina umuhimu kwa watu wengine, kuwa na uhuru wa kuamua, na kupata mrejesho. Nilitumia mambo hayo kama safu za leja. Mwisho wa wiki ya sita daftari lilisema jambo ambalo nisingelisema kwa kinywa changu. Saa zilizokufa zilikuwa zile za kuandaa taarifa ambazo hazisomwi. Kuna taarifa moja ya kurasa 40 ambayo nimeiandaa kila robo mwaka tangu nilipopewa cheo changu. Nilipowauliza wanaoipokea, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyekuwa ameifungua mwaka huu. Saa zilizokuwa hai zilikuwa chache, na karibu zote zilikuwa za namna moja: nimeketi na mfanyakazi mpya namwelekeza, au niko na mkuu wa idara nyingine namfafanulia maana ya namba zake, na ghafla uso wake unabadilika kwa kuwa ameelewa.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejiaminisha kwamba naichukia hesabu. Kumbe hesabu naipenda. Ninachokichukia ni kuizungumza na kabati la mafaili.

Nilijaribu kwanza kuirekebisha kazi niliyo nayo, kwa kuwa kuhama nyumba kwa sababu ya dirisha moja bovu si busara. Nilimwendea mkuu wangu, nikampa mapendekezo mawili: ile taarifa ya kurasa 40 ipunguzwe iwe kurasa 3, na mimi nikabidhiwe mafunzo ya wafanyakazi wapya. Alikubali la pili na kulikataa la kwanza, kwa maelezo kwamba mkaguzi akija ataiuliza. Mafunzo yamenipa nafuu ya kweli, lakini ni sehemu ya tano ya wiki yangu, na haionekani kama itaongezeka. Nilishukuru kwa kupata jibu lililo wazi.

Hapo ndipo nilipoanza kusuka. Herminia Ibarra, aliyewafuatilia watu waliobadili kazi katikati ya maisha na kuchapisha matokeo yake mwaka 2003, alieleza kwamba wengi wao hawakuanza kwa kujitambua kisha wakachukua hatua. Walianza kwa kujaribu mambo madogo pembeni, na kujitambua kukafuata. Mimi nilianza kufundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu kwa wafanyabiashara wadogo, jioni mbili kwa wiki, darasa la watu 14. Nataka kusema kweli yote kuhusu darasa hilo. Wiki ya kwanza niliongea kwa kasi, hakuna aliyenielewa, na niliporudi nyumbani nilikuwa tayari kukata tamaa. Kusahihisha mazoezi usiku kunachosha kuliko nilivyodhani. Wanafunzi wanne waliacha kuja bila kuaga, na nilijilaumu kupita kiasi. Lakini katika wiki ya tano mama mmoja muuza nguo alisimama na daftari lake akasema kwamba kwa mara ya kwanza ameweza kutenganisha fedha ya biashara na fedha ya nyumbani, na kwamba ameona ni bidhaa gani iliyokuwa ikimtia hasara. Nilifika nyumbani saa nne usiku, nimesimama tangu alfajiri, nikakuta sijachoka kwa namna ile ninayoijua ya ofisini.

Pamoja na hayo naogopa kuidanganya nafsi yangu kwa furaha ya mwanzo. Wendy Boswell na wenzake waliwachunguza mameneja waliobadili ajira, na katika makala yao ya mwaka 2005 walionyesha kwamba kuridhika na kazi hupanda baada ya kuhama, kisha hushuka: fungate huisha. Kwa upande mwingine, mwanauchumi Steven Levitt aliwaalika watu waliokwama katika maamuzi makubwa, yakiwemo ya kuacha kazi, warushe sarafu kwa kompyuta. Ilirushwa zaidi ya mara 20,000, na kwa yale maamuzi makubwa, waliobadili maisha yao walikuwa na furaha zaidi miezi sita baadaye kuliko waliobaki walipokuwa. Ninaziweka tafiti hizi mbili pamoja kwa makusudi. Sitarusha sarafu, wala sitarajii fungate ya milele. Nimejiuliza iwapo siku ya kawaida kabisa ya ualimu, ile yenye mvua na wanafunzi saba tu, naiona bora kuliko siku ya kawaida ya ofisi. Daftari, ambalo bado naliandika, linajibu ndiyo, ingawa si kwa kila jioni.

Kuhusu fedha nitasema machache kwa kuwa kila nyumba ina hesabu yake. Mimi na mume wangu tulikaa mezani tukaandika matumizi yasiyoepukika, tukaona akiba yetu inatosha miezi minne, tukakubaliana ifike tisa kabla sijaandika barua yoyote, na mkopo uliobaki uishe kwanza. Aliniuliza swali moja ambalo nalipendekeza kwa kila aliye na mwenzi: "Kipato kikipungua, ni kitu gani hutakubali watoto wakikose?" Tulitaja vitu viwili tu. Sikutegemea orodha hiyo ingekuwa fupi hivyo, na nadhani hofu yangu kwa miaka mingi ilikuwa kubwa kwa sababu sikuwahi kuiandika.

Iko hofu nyingine ambayo akiba haiiondoi, nayo ni ya jina. Nikitambulishwa mahali husemwa, "Huyu ni mhasibu mkuu," na watu hunyoosha mgongo. Najua kwamba siku ya kwanza nitakapotambulishwa kuwa mwalimu wa madarasa ya jioni, mtu fulani ataniuliza nini kilitokea. Jibu la swali hilo bado sijalipata.

Yule binti sikumsahau. Wiki iliyopita, tukifunga tena hesabu za mwezi, nilivuta kiti nikaketi karibu naye nikamwambia kwamba swali lake lilistahili jibu tangu siku ile. Nilimwambia kwamba mimi binafsi nimengoja miaka 13, kwamba kungoja kwangu si kipimo chake, na kwamba akianza kuandika saa zake sasa atajua mapema kuliko mimi. Nilimwonyesha na tarehe niliyoizungushia duara kwenye kalenda yangu, siku ya mwisho ya mwaka ujao wa fedha. Aliitazama, akaniuliza, "Na ukifika siku hiyo ukaona bado unaogopa, dada?" Nikamwambia kwamba naogopa tayari, na tarehe ni hiyo hiyo.

Kisha akanionyesha skrini yake. Urari ulikuwa umekataa kwa 270 na alikuwa ametafuta tangu asubuhi. Nikamwambia agawanye kwa 9. Aligawanya, akapata 30, akanitazama bila kuelewa, nami nikachukua karatasi nikamwandikia mifano miwili ya tarakimu zilizobadilishana nafasi, nikanyamaza. Alishuka na safu ya hati za malipo kwa kidole, polepole, akapita ukurasa wa kwanza, akapita wa pili, akasimama kwenye mstari mmoja ambapo mtu alikuwa ameandika 630 mahali pa 360. "Hii hapa!" alisema kwa sauti iliyowageuza watu shingo, na uso wake ukabadilika.